Matela ya Koko na Mbuzi wa Kapita

Enzi zetu, na ninyi mliozaliwa Kabambare na Kasongo kabla ya uhuru mtakuwa mashahidi wangu, shuka haikutupwa kwa sababu imetoboka. Shuka iliyochakaa katikati ilikatwa vipande viwili, kingo ambazo bado nzima zikaletwa katikati na kushonwa, nayo ikaanza maisha upya. Ikichoka tena ilikuwa mfuko wa mto, mfuko wa mto ukawa nepi, nepi ikawa kitambaa cha kushikia sufuria, na mwisho kabisa ikawa utambi wa taa. Juzi mjukuu wangu Esta, anayesoma Kasongo, alinipigia simu kuniambia blanketi lake limepata tundu. Nikamwuliza tundu ukubwa gani. Akasema la kidole. Nikamwambia achukue sindano. Akaniuliza sindano ya kwa daktari au ipi. Nilicheka mpaka machozi, halafu nikabaki peke yangu nikasikitika kidogo.

Kwetu, kwenye njia ya kwenda Wamaza, cherehani ilikuwa moja tu. Fundi wake alikaa barazani kwa mwenye duka na kushona nguo za makarani na wake zao. Matandiko ya watu kama sisi yalishonwa uani, kwa mkono, mama amekunja miguu juu ya mkeka. Nyumba nzima ilikuwa na sindano moja. Mama aliichomeka kwenye gunzi la muhindi lililoning'inia juu ya moto ili moshi uikinge na kutu, na jirani akija kuiazima alishonea palepale, haikutoka uani. Ikianguka, kazi yote ilisimama. Kuku walifungiwa wasije wakaimeza, na watu wazima kwa watoto tulipiga magoti tukipapasa vumbi kama watu waliopoteza fedha.

Kwa nguo nzito kama magunia kulikuwa na shazia, ile sindano kubwa, na yetu Baba alikuwa ameitengeneza kwa ubavu wa mwavuli uliokufa, akaunoa juu ya jiwe siku nzima. Uzi wa dukani ulikuwa wa sikukuu. Siku nyingine tulichomoa nyuzi kwenye pindo la kitambaa kikuukuu, au tulitumia nyuzi za muwale, mti wa jamii ya mnazi uotao mabondeni. Tulichuna jani lake changa, tukalikausha, tukalisokota, mimi nikishika ncha huku na Mama kule. Nikishona haraka haraka ili nikimbilie kucheza, alinifumulia yote na kusema, "Mushono ndogondogo, Marta. Mushono kubwa inafungua kinywa." Mpaka leo nikiona nguo ya dukani yenye mishono mirefu namsikia.

Na matela zenyewe, maana kwetu godoro tuliliita matela, zilijazwa majani makavu. Mliolalia majani mnaijua sauti yake. Ukigeuka inasema, ukikohoa inasema, na ndugu yako akiamka kwenda kula mabaki ya bugali jikoni nyumba nzima inajua. Majani yalichoma pia, hasa yakianza kuvunjika. Tulizoea, tukaamka na michoro mgongoni, tukachekana.

Lakini nisiwadanganye kwamba tulikuwa tukishona na kucheka tu. Tuliishi na woga, na woga wa nyumba yetu ulikuwa pamba. Kila mwanaume aliyelipa kodi alipimiwa shamba la pamba, apende asipende. Agronomu, mzungu wa kilimo, alipita mara chache. Aliyekuja kila mara alikuwa Monitor, msimamizi wake wa mashamba, mtu mweusi kama sisi, mzaliwa wa upande wa Lusangi, kofia kichwani na askari nyuma yake. Pamba yote ilipelekwa soko la kampuni, hata ile chafu iliyoanguka chini. Kubakiza pamba nyumbani lilikuwa kosa, na soko likiisha walipita nyumba kwa nyumba wakiinua vyungu, wakichungulia darini na kupekua vitanda. Sisi watoto tulifundishwa kukung'uta nguo kabla ya kuingia kijijini, tusije tukaonekana na kitu cheupe begani.

Baba alikuwa amekwisha kuonja. Mwaka mmoja alichelewa kupanda kwa sababu ya homa. Walimchapa fimbo ya ngozi ya kiboko mbele ya watu, kisha wakampeleka boloko, gereza la Kasongo. Aliporudi alikaa kwa upande, hakuweza kukalia tako zima, na hakuzungumza juu ya jambo lile hata siku moja. Akisikia askari anaongea njiani, tonge la bugali lilitulia mkononi mwake na halikufika kinywani. Mama alituambia, kwa sauti ya chini, kwamba wakimchukua mara ya pili hatutamwona tena. Mtoto anaambiwa neno kama hilo, kisha anatumwa akachote maji.

Sasa, mama mzaa baba, ambaye sote tulimwita Koko, alikuwa amezeeka hata ngozi yake ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Alishinda amelala. Yale majani tuliyoyacheka sisi, yeye yalimla. Alipata vidonda kiunoni na mgongoni, Mama akivipaka mafuta ya mawese asubuhi, na kufika jioni vimefunguka tena. Koko hakulalamika. Alijigeuza tu polepole, majani yakalia, akatulia, akajigeuza tena. Baba alikuwa mtu mwenye hofu, sina haya kusema, lakini sauti ile ilimshinda.

Msimu ule wa kuvuna, yeye na Mama walianza kubakiza pamba. Waliichukua konzi moja moja, chini ya kikapu, na juu yake Mama alipanga sombe, majani ya muhogo ya mboga, yakajaa na kumwagika pembeni. Kikapu nilibeba mimi. Nilipita mbele ya nyumba ya kapita, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, nikiimba, sijui nina nini kichwani. Nilikuja kujua baadaye, matela ilipojazwa.

Ganda la matela Mama alilishona kwa magunia mawili ya chumvi aliyopewa na mke wa mwenye duka. Aliyafua mtoni, akayafua tena, lakini chumvi ikisha kuingia kwenye nyuzi za gunia haitoki yote. Alishona na shazia kwa uzi wa muwale, mishono midogo na ya kubanana, akapindua ili mshono ukae ndani. Tulipomlaza Koko juu yake alipapasa gunia kwa kiganja. Halafu akaanza kucheka peke yake, taratibu, kama msichana aliyekumbuka jambo. Vidonda vilikauka kabla ya soko la pamba kwisha. Baba alianza kwenda kuketi naye jioni, na nilimsikia akicheka, kitu ambacho hakikuwepo tangu Kasongo.

Kulikuwa na shida moja, nayo ilikuwa mdogo wangu Kalonda. Kama watoto wadogo wote alilala na bibi yake, na kama watoto wadogo wengi alikojoa kitandani. Matela ya majani ukiikojolea unamwaga majani, unatia mengine. Hii ilibidi ikaushwe juani. Mama aliiegemeza nyuma ya nyumba, kati ya migomba, upande ambao watu hawakupita. Aliwafikiria watu tu. Hakufikiria kwamba kitanda cha gunia la chumvi, chenye mkojo wa mtoto juu yake, ni karamu ya mbuzi.

Siku ile nilikuwa narudi mtoni na mtungi wa maji. Njiani nikakutana na beberu wa kapita. Mbuzi huyo aliingia uani kwa watu akijua hakuna atakayempiga. Alikuwa anatafuna, ametulia kabisa, na kutoka mdomoni mwake, mpaka chini ya ndevu, kilikuwa kimening'inia kipande cha pamba kirefu kama mkono wangu. Alikuwa anaelekea kwao.

Nilimkimbilia. Nilitua mtungi, nikamshika pembe, nikatia mkono kinywani mwake. Alinitafuna vidole. Nilivuta, naye akavuta, na pamba ikatoka na mate yake yote. Wakati huohuo nilisikia mtu anakuja nyuma yangu. Sikuwa na mfuko, nguo yangu ilikuwa kitambaa kimoja tu cha kufunga kifuani, na mkononi ingeonekana. Nikaitia pamba ile kinywani mwangu.

Aliyekuja alikuwa Mama Zabibu, jirani yetu, na Mama Zabibu hakuwa mtu wa kusalimu nusu. Mnajua salamu za kwetu zilivyokuwa. Mtoto wa kike anapiga magoti, anaitika, anaulizwa nyumbani, anaitika, anaulizwa bibi, baba, wadogo, anaitika yote. Mimi nilipiga magoti na kuguna. Kinywa kilijaa chumvi na mbuzi na mkojo wa Kalonda. Aliniangalia akasema mutoto huyu meno inamuuma, nimwambie Mama anipe majani ya kutafuna. Halafu akasema na jambo jingine, kwamba nimwambie Mama afagie uwanja, maana Monitor na askari wameshafika kijiji cha jirani na wanakuja huku.

Sijui nilirudishaje mtungi kichwani. Nyumbani, pembe ya matela ilikuwa imeliwa, tundu la kupitisha kichwa cha mtoto, na upepo ulikuwa umetawanya pamba katikati ya migomba. Mama alikuwa anaokota, ameinama, haoni hata mtu. Kalonda alikuwa anaokota pia, akidhani ni mchezo, akizirusha juu na kuzidaka. Nilitema nilichokuwa nacho mkononi mwa Mama na kumwambia habari ya Monitor. Baba alikuwa kwenye kazi ya barabara, mbali, na nadhani Mama alishukuru, kwa sababu kama angekuwepo uso wake ungesema yote.

Tuliivuta matela ndani. Mama alikaa mlangoni kwa Koko palipokuwa na mwanga, akashika shazia, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona anashindwa kutunga uzi. Nilimtungia mimi. Koko alikuwa ameketi chini akiegemea ukuta, na mikono yake, bila yeye kuifikiria, ilikuwa imechukua kipande cha pamba na kuanza kukisokota juu ya paja, kama walivyofanya watu wa zamani, ili ampatie Mama uzi imara. Ulikuwa uzi mzuri, sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Mama aliuona akaunyakua na kuutia motoni. Mtu aliyekulia shamba la pamba angeutambua uzi ule akiwa mlangoni. Alishona kwa muwale, akaupaka mshono vumbi na majivu ufanane na gunia, na tulipotazama tukaona hauonekani sana. Nikafikiri tumepona.

Ndipo Koko, ambaye tulimrudisha juu ya kitanda, akasema taratibu, "Mama Marta, hii matela haiseme kitu. Ile ya majani inasema."

Mama alimtazama. Koko akajigeuza upande huu, kisha upande ule, na nyumba ikabaki kimya. Sote tulisikia ule ukimya. Kila nyumba ya kijiji ilikuwa na kitanda kinacholia isipokuwa ya kwetu, na Monitor alizoea kukalia vitanda.

Mama alifumua ubavu mzima wa matela aliokuwa ameushona kwa mishono midogo kiasi kile. Alifumua kwa kisu, akilia bila sauti. Mimi nilikimbilia matela yangu mwenyewe, nikaitoboa, nikaleta majani mikono imejaa. Tulitandaza majani juu, upande wa kulalia, ili kiganja kikibonyeza kikute majani, pamba ikabaki chini. Mama akashona tena. Mishono sasa ilikuwa mirefu. Shazia ilimwingia kidole gumba, damu ikadondoka juu ya gunia, akaifuta kwa majivu na kuendelea. Nje tulianza kusikia mbwa wa mwisho wa kijiji wakibweka, halafu wa karibu zaidi. Nilisokota uzi, na nilijua jambo moja tu, kwamba mshono ule ukifunguka Baba ataondoka na harudi.

Waliingia uani jua likiwa bado kali. Monitor, askari wawili, na kapita akiwaongoza. Walitazama jikoni, wakamwaga kikapu cha karanga, wakainua mkeka. Mimi nilikaa karibu na mlango nimempakata Kalonda, na hapo ndipo nilipoona kitu cheupe kwenye nywele zake, nyuma ya sikio. Kipande kidogo cha pamba. Askari alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu. Nilikivuta kichwa cha Kalonda kifuani, nikakifunika na mikono yote miwili, nikaanza kumbembeleza kana kwamba analia. Alikuwa halii. Alinisukuma, anataka kutazama askari. Nilimbana mpaka akalia kweli.

Monitor aliingia kwa Koko akamsalimu vizuri, lazima niseme haki yake. Alimwambia, "Koko, simama kidogo."

Mama alimsaidia kusimama. Monitor akaketi juu ya matela. Majani yakalia. Aliinuka nusu akaketi tena, yakalia tena. Alikuwa ameanza kuondoka, na mimi nilikuwa nimeanza kupumua, alipopitisha kiganja kwenye pembe na kukuta mshono. Akainama akautazama.

"Nani alishona hapa?"

"Ni mie, Bwana Monitor," Mama alisema.

"Na sababu gani uzi iko mupya?"

Mama alimtazama kapita. Kisha akasema kweli tupu, maana uongo ulikuwa umemwishia.

"Mbuzi ya kapita ilikula, leo hii. Ni gunia ya chumvi. Kapita mwenyewe iko hapa, mumuulize."

Ninyi wa kwetu mnajua maana ya neno lile. Mbuzi akila mali ya mtu, mwenye mbuzi analipa, na anayelalamika mbele ya wakubwa hawezi kunyamazishwa. Kapita alikuwa na kesi nyingi za beberu yule ambazo watu waliogopa kuzileta. Na sasa mwanamke mmoja amezitaja mbele ya Monitor na askari wawili, tena wamesimama kwenye kitanda cha mzee. Askari mmoja alicheka. Kapita aliguna, akasema mbuzi hiyo ni ya mutoto yake, akasema atasema na mume wa huyu mama, akasema jua inakwenda na nyumba zingine ziko nyingi. Alimshika Monitor mkono, kabisa, akamtoa nje. Mama hakusogea mpaka mbwa walipobweka nyumba ya tatu. Halafu alikaa chini.

Baba aliporudi kutoka barabarani tulimwambia. Alisikiliza yote amesimama. Kisha alichukua kisu, akasema sasa wamepita, atoe yale majani, mama yake alale vizuri. Koko alimshika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa mifupa mitupu lakini Baba hakuutoa.

"Wacha vile," alisema. "Mie nilale ju ya majani, lakini we ulale mu nyumba yako."

Baba alimwambia Monitor hatarudi mpaka mwaka mwingine. Koko akamwuliza nani amemwambia. Alimwuliza pia, gunia hili lililochoka likifumuliwa na kushonwa kila siku, litashika mpaka lini. Alisema amelala vya kutosha miezi ile, hajawahi kulala hivyo tangu alipozaliwa, na inamtosha. Baba alibishana naye siku nyingi, akataka hata kuigeuza tu matela, naye akasema kiganja kikibonyeza juu kitaikuta pamba. Mara moja alianza kufumua Koko akiwa amelala, naye akaamka na kulia kwa hofu, akidhani ni askari. Hakujaribu tena.

Basi pamba ikakaa chini na majani yakakaa juu. Vidonda vilirudi. Mama alivipaka mawese asubuhi, na kufika jioni vilikuwa wazi. Majani yalilia kila alipojigeuza, na Baba akisikia alitoka nje akaenda kukaa mbali. Woga ulikuwa umetuzuia wote, na kitu ambacho Baba aliiba kwa ajili ya mama yake kilikuwa hapo hapo chini yake, upana wa vidole, kisimfae kitu.

Koko alikufa wakati wa mvua. Wanawake wa kijiji walikuja, na desturi yetu ilikuwa kwamba wanawake ndio wanaotoa malalo ya marehemu nje, wanayafungua, wanayamwaga. Mama alipanda juu ya matela akaketi, akaikumbatia, akakataa mtu asiiguse. Walimbembeleza, wakamvuta, akawapiga teke. Mama Zabibu alisema waacheni, huyu alimpenda mukwe wake kupita mama yake mwenyewe. Walidhani ni uchungu. Ulikuwa uchungu kweli, na ulikuwa pia woga, na mimi niliyesimama mlangoni nilijua vyote viwili. Baba aliichoma matela siku ya pili, porini, kipande kwa kipande, akikaa upande wa upepo ili moshi usielekee kijijini. Hatukuweza hata kumlilia Koko kama watu wengine, kwa sauti, mpaka kazi hiyo ilipokwisha.

Leo soko la Kasongo limejaa magodoro ya sponji, yamepangwa marefu kuliko mtu, na yanaletwa mpaka Wamaza yamefungwa nyuma ya pikipiki. Vijana wanayabonyeza kwa kidole, wanasema hili gumu, hili laini mno, leta la maua. Esta wangu hawezi kulala bila mito miwili na simu. Simchukii kwa hilo. Wakati mwingine namtania kwamba angelala usiku mmoja tu juu ya majani yetu, asubuhi angeomba kurudi shule. Lakini namwonea pia kijicho kidogo, kwa sababu anavua viatu, anajitupa kitandani, na haisikilizi nyumba. Sisi tuliisikiliza. Mikono ya mama zetu ilijua kufanya kitanda kwa magunia, na jani la muwale, na ubavu wa mwavuli, na ujuzi ule wote uliishia kwenye kuficha.

Mwaka wa uhuru Monitor hakuja. Agronomu alikuwa ameondoka na vitu vyake, na pamba ilipasuka shambani ikabaki imesimama, hakuna wa kuipima wala wa kuidai. Baba alikwenda asubuhi moja peke yake. Alirudi mchana, akapita katikati ya kijiji, mbele ya nyumba ya kapita, na kikapu kichwani kimejaa pamba hadi juu, bila jani moja la sombe la kuifunika. Watu walimsalimu naye akaitikia. Aliingia uani, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa Koko, akasimama pale. Sijui kama alisahau kwamba Koko hayupo, au hakusahau. Mama alitoka jikoni akamtazama. Baba alitua kikapu chini, palepale uwanjani, akaenda kukaa. Hakuna aliyekiingiza ndani. Mvua ilikuja jioni ikainyeshea pamba ile yote, na hakuna hata mmoja wetu aliyeogopa.